Ushuhuda usio na katikati

Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa injili pale Busia, upande huu au upande ule, anajua ushuhuda unavyokwenda hata kabla haujaanza. Mtu anapewa maiki. Anasema Bwana asifiwe, watu wanasema amina. Anasema tena, Bwana asifiwe sana. Anataja jina lake, anasema ameokoka na anampenda Yesu. Halafu anaanza: zamani nilikuwa hivi na hivi. Pombe, bangi, wizi, uganga, magendo. Kadiri hiyo zamani ilivyokuwa mbaya ndivyo watu wanavyosogea mbele kwenye viti. Kisha siku moja, na tarehe anaikumbuka, mhubiri akasema neno na yeye akaokoka. Tangu siku hiyo hajarudi nyuma. Amina, vigelegele, maiki inaenda kwa mwingine.

Nataka kuuzungumzia ushuhuda vile watu huzungumzia riwaya au tamthilia, manake nadhani ndiyo fasihi inayosikilizwa kuliko zote hapa mpakani. Gazeti letu hili, tuseme ukweli, linasomwa na watu wachache na wengi wao ni marafiki zetu. Ushuhuda unasikilizwa na uwanja mzima, kwa Kiswahili, Kiluganda, Kisamia, Kiteso, na mkalimani anapiga kelele kuliko mwenyewe. Na bado hakuna anayeuhakiki. Wachungaji wanaangalia kama umemtukuza Mungu. Hakuna anayeuliza umejengwaje, umeacha nini nje, na kilichoachwa nje kimeenda kukaa wapi. Mimi nafanya kazi na vijana na nimewasaidia wengi kuandaa ushuhuda wao, kwa hiyo lawama nitakazotoa hapa zinaniangukia mimi kwanza.

Kosa lake kubwa ni kwamba una mwanzo na una mwisho, hauna katikati. Kuna giza, kuna nuru, na kati yao ni dakika moja ya Jumapili mchana. Mtu aliyeokoka halafu akaanguka, akatubu, akaanguka tena palepale, hana mahali pa kusimama ndani ya hadithi hiyo. Akisimama kwenye giza atakuwa anakana kwamba aliokoka. Akisimama kwenye nuru atakuwa anadanganya. Kwa hiyo ananyamaza, ama anasubiri mkutano mwingine na mhubiri mwingine ili aokoke upya kama vile mara ya kwanza haikuwepo. Ninao vijana waliookoka mara nne. Mmoja anasema mara sita, lakini huyo anapenda kuongeza.

Hata sarufi yetu inasaidia kosa hili. Tunasema nimeokoka, kama tunavyosema nimefika, nimeoa, nimekomaa. Ni jambo limeisha na hali yake imebaki. Ukishafika umefika, huwezi kufika zaidi. Lakini mtume Paulo, katika sura ya kwanza ya barua ya kwanza kwa Wakorintho, anapowataja waamini hasemi wameokoka. Fungua Biblia yako ya Kiswahili, mstari wa 18, uone wakati wa kitenzi. Ni jambo linaendelea, kama mtu anayevutwa kutoka mtoni na bado maji yako kifuani. Wenzetu Waganda nao wana neno okwenenya kwa kutubu, na ndani yake kuna kunenya, yaani kulaumu. Ni kujilaumu wewe mwenyewe. Hilo mtu anaweza kulifanya Jumanne na akalifanya tena Alhamisi, lugha haimkatazi. Lakini ukishakuwa mulokole, hiyo sasa ni cheo, na mtu mwenye cheo anaogopa kukipoteza.

Sasa nieleze kwa nini nimeandika haya.

Kuna kijana katika kikundi chetu. Jina lake halihitajiki. Aliokoka mwezi wa nane kwenye mkutano wa uwanjani, akaacha waragi kabisa, na wiki chache baadaye vijana wakamchagua kuwa mtunza sanduku la akiba. Mwezi wa kumi na moja alichukua kutoka kwenye sanduku shilingi 140,000 za Uganda. Aliniambia mwenyewe, usiku, nje ya nyumba yetu, na alikuwa amekunywa. Nikamwambia tutaongea. Hatukuongea. Mwezi wa kwanza akaalikwa kutoa ushuhuda kwenye mkesha mkubwa, na akaniletea karatasi aliyoandika, kurasa mbili za daftari. Katika ukurasa wa pili alikuwa ameandika habari ya sanduku. Yote, na kiasi chenyewe.

Nikamwambia atoe hiyo sehemu. Nilimwambia, na nayakumbuka maneno yangu, kwamba itachanganya watu. Akaniuliza, "Dada, kwani nisiseme?" Nikasema utasema siku nyingine.

Alitoa ushuhuda mzuri sana. Watu walilia. Mimi mwenyewe nililia, na nilikuwa najua. Baada ya mkesha alikunywa siku tatu mfululizo.

Watu wataniambia alikunywa kwa sababu ni mlevi. Inawezekana. Lakini mimi nimesoma ile karatasi, na naweza kusema kama mhakiki kwamba ukurasa niliomwondolea ndio pekee uliokuwa unamhusu yeye kama alivyo sasa. Uliobaki ulihusu mtu wa zamani, ambaye yeye mwenyewe alikuwa ameshamsamehe, na mtu wa baadaye ambaye hajafika bado.

Umbo hili la ushuhuda halikushuka kutoka mbinguni. Lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana Namirembe na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Wakasoma Biblia pamoja na wakaombea kanisa walilosema limelala. Katika miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, ukapita Kigezi na Buganda, ukavuka Kenya na Tanganyika. Watu wakaitwa Balokole. Kanisa lenyewe liliwaogopa: mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha Mukono, William Nagenda akiwa mmoja wao. Wimbo wao wa Tukutendereza tunauimba hadi leo, hata sisi ambao Kiluganda chetu ni cha sokoni.

Nilidhani Balokole ndio waliotuletea ushuhuda wa kabla na baada. Kwa sehemu ni kweli. Lakini kuna kukhu mmoja upande wa Kenya, alikuja kwenye ushirika wa ndugu akiwa msichana, ameokoka miaka mingi kuliko umri wa mama yangu. Nilienda kumsikiliza nikitegemea hadithi ya zamani. Alisimama akasema Bwana asifiwe, akasema wiki hii wajukuu waliomba chai na akawaambia sukari imeisha, na sukari ilikuwepo, alikuwa ameificha kwa sababu ya mgeni. Akasema damu ya Yesu imemsafisha na wajukuu wamekunywa chai. Akakaa. Basi.

Kwanza nilitaka kucheka. Halafu nikaona kwamba nimesikia kitu ambacho sijawahi kukisikia uwanjani: mtu aliyeokoka akisema dhambi ya wiki hii. Ndugu wa zamani waliita jambo hilo kutembea nuruni, kutoka waraka wa kwanza wa Yohana. Ushuhuda wao haukuwa mmoja wa maisha yote. Ulikuwa wa kila wiki, kama kufua nguo. Siku ya kuokoka waliikumbuka, lakini haikuwafungia mlango wa kuungama kesho yake. Na kuungama kulikuwa na mkono. Watu walirudisha vitu walivyoiba, wakaenda kwa waliowakosea wakaomba radhi uso kwa uso. Zakayo katika Luka 19 hakusema tu amebadilika. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa aliowanyang'anya. Ushuhuda wetu wa leo umeacha hesabu nje. Nimewasikia hapa Busia watu wakishuhudia kwamba walikuwa wanapitisha bidhaa kwa njia za panya usiku, na uwanja unashangilia, lakini sijasikia mtu akiulizwa kama kuna mtu ambaye bado anamdai.

Sitaki kuwapamba Balokole wa zamani kupita kiasi. Kuungama mbele ya watu kuna ubaya wake. Ukisema umezini, umesema na mwingine, na huyo mwingine hakuomba kutajwa. Kuna ndoa zilizovunjika kwa sababu ya utakatifu wa jirani. Na ndugu wenyewe walianza kupimana ni nani ameamka kweli na nani amelala. Kuelekea miaka ya 1970 likatokea kundi la Abazukufu, walioamka tena, likiongozwa na Yona Mondo, wakiwaona wenzao waliookoka kwamba wamesinzia na wamezoea mambo ya dunia, madeni yakiwemo. Unaona tatizo: dawa ya kila wiki inaweza kugeuka mtihani wa kila wiki. Hata hivyo, nikilinganisha umbo na umbo, la kukhu lina nafasi ya kijana wetu na la uwanjani halina.

Kuna vitabu viwili vinavyonisaidia hapa, na cha ajabu ni kwamba kimoja kimeandikwa na askofu na kingine na mtu aliyekuja kulikosoa kanisa vikali.

Cha kwanza ni cha Festo Kivengere, I Love Idi Amin, kilichotoka mwaka 1977. Jina lake linakera, na nadhani alitaka likere. Kivengere alikuwa askofu wa Kigezi na Mlokole wa miaka mingi, mhubiri aliyezunguka dunia. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walitoroka kwa miguu, usiku, kupitia milima hadi Rwanda. Sisi wasomaji wa gazeti hili hatuhitaji kuelezewa hiyo safari. Kitu ninachotaka mkione ni kinachofuata. Akiwa ukimbizini, salama, anaheshimiwa, anagundua kwamba moyo wake umejaa chuki kwa Amin na kwamba chuki hiyo inamuua yeye. Katika ibada ya Ijumaa Kuu huko London anatubu. Askofu, ameokoka zamani, ameonewa waziwazi na ulimwengu wote unakubali kwamba ameonewa, anatubu.

Kama angeniletea mimi hiyo karatasi ningemwambia atoe. Ningesema baba askofu, itachanganya watu, wewe ndiye uliyekosewa. Lakini nguvu ya kitabu iko hapo. Ukiondoa toba ya Ijumaa Kuu kinabaki ni taarifa ya mateso, ya kweli na ya kusikitisha, ila msomaji anaifunga akiwa na hasira tu. Kivengere ameacha katikati yake ionekane. Lawama yangu kwa kitabu ni kwamba ni kifupi mno na kinaenda mbio, katika mwaka uleule wa mauaji. Mtu anataka kujua kama chuki ilirudi. Mimi nafikiri ilirudi. Nilipita Mulanda, huku Tororo, mwaka 2008 nikiwa mtoto, na watu wote tuliolala nao kwenye hema moja walisamehe waliowafukuza, wakakasirika tena, wakasamehe tena. Kusamehe ni kama kutubu, hakumalizwi kwa mara moja.

Cha pili ni A Grain of Wheat cha Ngũgĩ wa Thiong'o, cha mwaka 1967, ambacho wengi wetu tulikisoma shuleni kwa sababu ya mtihani na tukakisahau. Kirudieni. Mugo ni mkulima mpweke katika kijiji cha Thabai. Kijiji kinamwona shujaa wa vita vya uhuru kwa sababu alivumilia mateso kizuizini na hakuungama kiapo. Watu hawajui kwamba hakuwa na kiapo cha kuungama, na kwamba ndiye aliyemsaliti Kihika, mpiganaji aliyenyongwa. Sasa wanataka ahutubie siku ya uhuru, Desemba 1963. Na kabla ya siku hiyo wanamwendea mmoja mmoja usiku kumwaga siri zao. Gikonyo anamweleza jinsi alivyoungama kiapo ili arudi kwa mkewe. Mumbi, huyo mke, anamweleza habari ya mtoto aliyezaa na Karanja. Mugo amekuwa kama padri wao, na hakuna anayeuliza padri anaungama kwa nani.

Kijiji chote kimemtengenezea Mugo ushuhuda. Giza, kizuizi, ushindi. Kazi yake ni kupanda jukwaani na kuusema tu. Na yeye, mbele ya watu wote, anasema ule ukurasa walioutoa.

Nimewahi kusikia mwalimu akisema hiyo ni sehemu ya ushindi. Sikubali. Baada ya Mugo kusema, watu wanaondoka kimya. Hakuna vigelegele. Baadaye wanakuja kumchukua, na hatuonyeshwi anavyokufa. Wale wazee waliomsifu wanabaki na aibu wasiyojua waiweke wapi. Ngũgĩ anajua vizuri lugha ya toba ya Kikristo. Ndani ya kitabu kuna mchungaji, Jackson, anayejiunga na uamsho na kuuawa na wapiganaji wa msituni, na anachorwa kwa huruma ndogo sana. Ngũgĩ haamini kwamba kuungama kunafuta. Anachoamini, nadhani, ni kwamba bila kuungama hakuna mtu mwingine kijijini anayeweza kuanza kusema kweli. Mwishoni Gikonyo yuko hospitali na mkono umevunjika, anafikiria kuchonga kiti cha zawadi kwa Mumbi, na Mumbi anamwambia mambo yao hayawezi kumalizwa kwa haraka, inabidi wakae wayaongee. Kwa maoni yangu hiyo ni picha nzuri ya toba kuliko nyingi nilizozisikia kanisani. Lakini hapa nampinga Ngũgĩ: Mugo anapata ukweli bila rehema. Kijiji kilikuwa na nafasi mbili tu kwa ajili yake, shujaa au msaliti, na aliposhuka kutoka ya kwanza ilibaki ya pili. Kwa hilo kijiji cha Thabai na uwanja wa Busia ni ndugu.

Mchungaji mmoja ninayemheshimu aliniambia nikiendelea hivi nitawafundisha vijana kutenda dhambi kwa raha, manake watajua kesho watatubu tena. Ni hoja halali, Paulo mwenyewe aliijibu katika Warumi 6. Na nina vijana wa aina hiyo, wanajua rehema ya Mungu kama wanavyojua ratiba ya basi. Lakini huyo kijana mwingine, anayekuja nje ya nyumba yako usiku na karatasi mkononi, hana raha. Yeye aliambiwa Waebrania 6, ile sehemu inayosema aliyeonja nuru akaanguka hawezi kufanywa upya, maana anamsulubisha tena Mwana wa Mungu. Alinisomea huku ameishika Biblia kwa mikono miwili kama kitu cha moto.

Nilienda kuuliza na kusoma, na hiki ndicho nilichopata. Barua hiyo inaandikiwa watu walioteswa na waliotaka kumkana Kristo waachane naye kabisa. Na kanisa la kwanza lenyewe liligombana sana juu ya jambo hili. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu ya Roma na wapewe cheti kwamba wametoa. Wakristo wengi walitoa. Wengine hawakutoa ila walinunua cheti. Sisi tunaoishi mpakani tunajua karatasi ya kununua. Mateso yalipopungua walirudi wakilia, na Novatian huko Roma akasema hapana, kanisa haliwezi kuwapokea. Cyprian, askofu wa Carthage katika Tunisia ya leo, ambaye mwenyewe alijificha wakati wa mateso, alisema mlango uwepo, ila wasiingie mbio. Watubu kwa muda, kila mtu aangaliwe kwa hali yake. Kanisa likamfuata Cyprian. Kumbe swali la kijana wetu lilishaulizwa Afrika miaka zaidi ya 1,770 iliyopita, na jibu halikuwa vigelegele wala kufukuzwa.

Na yupo Petro. Tunamhubiri kila mara: alimkana Bwana mara tatu kwa kuogopa watu, jogoo akawika, akalia, akasamehewa. Mwanzo na mwisho, ushuhuda safi. Ila soma Wagalatia 2. Baada ya Pentekoste, baada ya kuhubiri na kufungwa na kufanya miujiza, Petro yuko Antiokia, anakula na watu wa mataifa, na wageni wanapokuja kutoka kwa Yakobo anajitenga na meza. Kwa nini? Kwa kuogopa watu. Dhambi ileile ya uani kwa kuhani mkuu, miaka baadaye, safari hii kwa sababu ya chakula. Paulo akamkemea mbele ya wote. Biblia haikuutoa huo ukurasa. Sijawahi kusikia mtu akihubiri Petro wawili hao pamoja.

Nimejiuliza kwa nini sisi, hasa jamii yetu, tunaupenda sana ushuhuda usio na katikati. Nafikiri tumefundishwa na mahojiano. Mkimbizi yeyote anajua: hadithi yako isibadilike. Ukisema Machi leo usiseme Aprili mwakani. Hatari iwe kule, usalama uwe huku, na mpaka katikati uwe mstari mmoja uliouvuka mara moja tu. Ukisema ulirudi kuangalia shamba halafu ukakimbia tena, afisa anaweka kalamu chini. Nimewaona wazazi wakiwakaririsha watoto. Siwalaumu, inabidi. Lakini tunabeba hadithi hiyohiyo hadi madhabahuni, tukimwogopa Mungu kama tunavyoogopa faili. Wakati huohuo nusu yetu tunavuka mpaka huu kila wiki, tunaenda sokoni, tunarudi. Maneno ya bodaboda yenyewe, inasemekana, yalianzia hapa, kwa watu wa baiskeli waliokuwa wanaita abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Kwenda na kurudi ndiyo maisha ya hapa. Ni ajabu kwamba tunapofika kanisani tunajifanya tulivuka mara moja.

Mwezi uliopita nilimwita yule kijana. Nikamwambia nilikosea kuhusu ule ukurasa. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza kama bado ninayo ile karatasi. Ninayo. Tulienda pamoja kwenye kikundi, siyo uwanjani, kwenye kikundi chenye sanduku, watu kumi na saba chini ya mwembe. Alisoma ukurasa wa pili peke yake. Mimi nikasema sehemu yangu, kwamba nilijua tangu mwezi wa kumi na moja. Msichana mmoja alikasirika akaondoka, na hajarudi mpaka leo, pesa yake ya karo ilikuwa humo. Wengine waliuliza atalipaje. Walibishana kama saa moja na nusu. Hakuna aliyeimba.

Alhamisi iliyopita alileta shilingi 10,000. Alikuwa amekunywa kidogo, ilisikika. Mtunza daftari aliniangalia, mimi nikamwangalia kijana, kijana akaangalia sanduku. Mtunza daftari akaandika tarehe, akaandika imerudi 10,000, bado 130,000. Akampa kalamu aweke sahihi.